Kabila Aliloandikisha Ziada

Kasingirima, Ujiji
6 Novemba 1996

Mdogo wangu Hidaya,

Asalaam aleikum. Dada yako Ziada amevuka ziwa. Aliyesema ni mwalimu Pastory, ambaye alikuwa akifundisha Baraka kule ng'ambo na ndiye aliyeandika orodha ya watu wa boti iliyofika Kigoma Jumapili, tarehe 3. Orodha nimeiona kwa macho yangu. Mstari wa kumi na tisa: Ziada Nouhou, kabila Maniema, watoto watatu. Mume hayumo.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua usingesoma salamu kabla ya kulipata. Sasa salamu. Mama hajambo isipokuwa miguu. Nassib wa baba mdogo ameoa Ilagala, binti wa wavuvi, na sherehe ilikuwa fupi kwa sababu mitumbwi yote imechukuliwa kuvusha watu. Hapa redio inatangaza vita vya Uvira, watu wanazungumza Uvira, na mimi naandika Uvira. Gazeti linataka taarifa mbili kwa wiki.

Nilifika ufukweni saa nne, boti ikiwa imeshashusha. Watu walikuwa wameshapelekwa uwanja wa mpira, na pale mlangoni askari hakuniruhusu kuingia. Mwalimu Pastory alikuwa bado amekaa juu ya begi lake. Aliniambia, "Ule mama iko na nguvu, usiogope. Alibeba mutoto moja mugongoni, bawili akabashika mukono."

Nimeshatoa taarifa panapohusika. Mama amefua mashuka na kutandika chumba cha nyuma. Miaka kumi na miwili hajamwona Ziada na wajukuu hawajui sura. Nimemwambia itachukua siku mbili tatu.

Anauliza pia wewe unarudi lini.

Kaka yako,
Dadi


Newcastle
30 Novemba 1996

Kaka Dadi, shikamoo.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni na koti sijavua. Hapa giza linaingia saa tisa na nusu alasiri. Niko mzima, nakula, na kikohozi kimepungua. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie soksi alizonifumia nazivaa mbili mbili.

Siku mbili tatu zako zimepita zamani, kwa hiyo nafikiri Dada Ziada yuko chumba cha nyuma na ninyi mmesahau kuniandikia. Nataka iwe hivyo. Watoto wanaitwa nani? Barua yake ya mwisho niliyowahi kuiona ilikuwa ya mtoto wa kwanza, Kashindi, aliyepewa jina la baba mkwe. Hao wawili sijui.

Uliniuliza mwaka jana ninachosoma na nikakujibu "lugha", ukasema hilo si jibu. Haya. Zamani, kabla ya Warumi, nchi ya Ufaransa ya sasa na kisiwa hiki cha Uingereza vilikaliwa na watu wanaoitwa Wakelti. Maandishi yao ni machache: mawe ya makaburi, vigae, sarafu, na majina ya makabila yaliyoandikwa na Wagiriki na Warumi. Hawakuwa na herufi zao wenyewe, waliazima za jirani. Kazi yangu ni kadi. Kila kadi ina jina la kabila moja, limeandikwaje, wapi, na nani. Tunazipanga ili kuona nani alizungumza lahaja gani. Mfano: kuna kabila lililoandikwa kwa P mwanzoni, ndilo lililoupa mji wa Paris jina, na lingine la milimani limeandikwa kwa Qu. Wapo wataalamu wanaosema majina hayo mawili yana mzizi mmoja, neno la sufuria kubwa. Kama ni kweli, hao wa milimani walibaki na sauti ya zamani na wenzao wa bondeni wakaibadili. Kutokana na herufi moja tunachora mpaka kwenye ramani.

Profesa anasema nina jicho. Sikumwambia nimelitoa wapi. Kwetu mtu akifungua kinywa, Mama alishajua ni wa Ujiji, wa Kasulu, au wa ng'ambo.

Umesema umetoa taarifa panapohusika. Ni wapi, na uliwaambia nini?

Mdogo wako,
Hidaya


Kasingirima
22 Januari 1997

Hidaya,

Salaam nyingi. Hajapatikana. Hivyo ndivyo alivyosema Dismasi wa idara ya usajili jana saa tano asubuhi: hakuna Ziada Nuhu, wala Nouhou, wala Nuh, katika kambi zote za mkoa.

Mama ameshika mwezi wa Ramadhani vizuri na hadi leo amefunga siku zote ila mbili. Nassib anavua Katonga sasa. Mke wake ana ujauzito. Mvua ni kubwa na barabara ya Uvinza imekatika mara mbili, ndiyo maana barua hii inachelewa. Sababu nyingine sina.

Kabila la Masufuria limewafurahisha watu wa kibarazani. Mzee Leodgar anasema hata hapa lipo, na anawataja kwa majina watu wanaofika msibani mapema kabla wali haujaiva. Nimemwahidi nitakuandikia ili umchoree mpaka kwenye ramani.

Sasa kazi. Nimesoma orodha za kambi tatu, majina elfu nne na zaidi. Zimenichanganya. Mtu yuleyule kwenye orodha moja ni Djuma na kwenye nyingine ni Juma. Chabani ni Shabani. Kabila limejazwa mara jina la watu, mara jina la kijiji, mara jina la chifu aliyekufa. Nimeshamtafuta Ziada kwa kila namna ninavyoweza kuliandika jina lake. Wewe umekaa na mawe ya watu waliokufa miaka elfu mbili na unapata mpaka. Niambie unafanyaje.

Swali la kurudi lini hukulijibu. Mama ameliona.

Dadi


Newcastle
2 Machi 1997

Kaka, shikamoo.

Nimepokea. Idi niliswali na wanafunzi wa Kisomali katika ukumbi wa mazoezi, na baadaye tulikula wali uliokosa chumvi. Nilikaa nikakumbuka kelele za jikoni kwetu mpaka nikashindwa kumaliza. Kikohozi kimeisha.

Tunafanya hivi. Kwanza hatutafuti jina. Tunamtafuta mwandishi. Weka orodha zako pembeni na uzipange kwa mkono ulioandika. Penye Djuma na Chabani, kalamu ilishikwa na mtu aliyesoma shule za ng'ambo, kama mwalimu wako Pastory. Huyo aliwajua watu wake, hakuhitaji kuwauliza kabila. Penye Juma na Shabani ni karani wa kwetu, na yeye aliuliza kila mtu uso kwa uso. Usichanganye hizo mbili, ni ushahidi wa aina mbili.

Pili, kabila. Karibu na hapa, South Shields, kuna jiwe la kaburi la mwanamke anayeitwa Regina. Alikufa na miaka thelathini. Lilisimamishwa na mumewe, mtu wa Shamu aliyekuja upande huu wakati wa Warumi, na chini ya Kilatini akaongeza mstari kwa herufi za kwao. Jiwe linasema mke alikuwa Mkatuvelauni, kabila la kusini, mbali mno na hapa. Mchongaji ameliandika jina hilo kwa irabu isiyo ile wanayoandika wengine, na profesa anaipenda irabu hiyo, ameifundisha saa nzima. Mimi nilikwenda kulitazama mara tatu. Nilichokiona ni kwamba neno la kabila halikutoka kinywani mwake. Alikuwa ameshakufa, na wengine wakamjibia. Tangu siku hiyo, kila kadi naandika nyuma kwa penseli: nani aliuliza, na aliyejibu alikuwa anaogopa nini.

Kwa hiyo usiamini safu ya kabila. Tazama watoto. Mtu anaweza kubadili jina lake mlangoni, lakini watoto wameshaitwa majina yao tangu kuzaliwa, wakiitwa vingine hawaitiki. Na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama. Dada Ziada hangeruka hilo. Mtafute Mwavita mdogo aliye nyuma ya Kashindi.

Tatu, na hili sikuambiwa na profesa. Tarehe 3 Novemba dada yetu alikuwa Maniema na jina lake lilikuwa lake. Orodha ya kwanza ya kambi ni ya tarehe gani? Kama hayumo humo, basi kati ya tarehe hizo mbili kuna kitu kilichomfanya abadilike. Nilikuuliza Novemba ulisema nini na kwa nani. Nauliza tena.

Hidaya


Newcastle
20 Mei 1997

Kaka Dadi, shikamoo.

Barua yangu ya Machi sijapata jibu. Mama ni mzima? Nimepiga simu dukani kwa Hamisi mara mbili, akasema wote wazima na wewe uko safarini. Sikumuuliza zaidi kwa sababu alikuwa na wateja.

Nimesoma kwenye gazeti la hapa kwamba Zaire imebadilishwa jina. Mistari sita, ukurasa wa tisa.

Niandikie hata kama hakuna kitu.

Hidaya


Kasingirima
14 Juni 1997

Mdogo wangu Hidaya,

Asalaam aleikum. Mama mzima. Nassib amepata mtoto wa kike. Sikuwa safarini miezi mitatu yote, nilikuwa safarini siku nne. Siku zilizobaki nilikuwa hapa na barua yako nilikuwa nayo.

Orodha ya kwanza ya kambi ni ya tarehe 17 Novemba. Tarehe 5 nilipeleka tangazo pale uwanjani na kwenye ofisi mbili. Sentensi zilikuwa mbili na niliziandika mwenyewe: "Anatafutwa Ziada binti Nuhu, Mtanzania mzaliwa wa Ujiji, aliyeolewa Baraka na raia wa Zaire. Ana watoto watatu." Lilisomwa kwa kipaza sauti asubuhi na jioni, siku tatu. Kila neno lilikuwa kweli. Nilihakiki hata jina la kata aliyozaliwa.

Nililifuata agizo lako. Nilipanga orodha kwa mikono. Mikono ilikuwa saba. Mkono wa tano ulikuwa wa karani wa kwetu anayeitwa Rozalia, Mha wa Kasulu, mwenye herufi za duara. Katika kurasa zake nilimpata Zaina Asumani, Mbembe, mjane, na chini yake Kashindi, Mwavita, Nuhu. Asumani ni jina la mume, Kashindi la baba mkwe, Mwavita la mama yetu na Nuhu la marehemu baba, kwenye mistari minne inayofuatana.

Nilikwenda tarehe 29 Aprili na kibali cha mwandishi wa habari. Rozalia alinipeleka mwenyewe, na njiani akanieleza mambo ya uwanjani bila mimi kumuuliza. Wanawake walioitwa Watanzania kwenye kipaza sauti walitolewa kwenye foleni na kuambiwa waende kwao. Watoto wao walihesabiwa kwa baba, wakapandishwa malori pamoja na watu wa ng'ambo. Mama mmoja alilikimbilia lori mpaka njia panda ya Mwanga. "Baada ya hapo," Rozalia alisema, "kina mama wengi walikuwa Wabembe wa ng'ambo kweli kweli."

Ziada alikuwa anatoka bombani. Amekonda na ana kovu jipya kwenye kidevu, lakini anatembea kama Mama alivyokuwa akitembea. Rozalia akamwambia, "Mama Kashindi, huyu bwana anadai ni kaka yako."

Ziada alinitazama viatu. Akasema, "Simujui."

Nilisema nimekosea na nikaomba radhi. Rozalia alikuwa amesimama katikati yetu na daftari lake. Ziada akatua ndoo. Akaniuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo, kile ambacho baba alikuwa akimchapa kwa kukiiga utotoni, "Uyo dada unatafuta, mama yake iko muzima?"

Nikasema yuko mzima, ni miguu tu.

"Basi ukimupata dada yako, umwambie. Na ule mama naye umwambie dada iko sawa."

Kisha akasema, "Mwavita, shika ndoo twende," kwa sauti ya juu, na mtoto alikuwa karibu yake kiasi cha kugusa. Ni binti wa miaka minane hivi, mrefu. Alinitazama mpaka walipoingia nyuma ya turubai. Jumla ilikuwa dakika nne.

Rozalia alirudi nami mpaka getini. Pale akaniambia, "Mzee, mimi nimeandika ulichosema: umekosea," akafunga daftari.

Tangu hapo nimemuuliza ofisa mmoja, kama mwandishi, bila kutaja jina. Anasema mama anaweza kutoka leo, na maombi ya watoto yafuate baadaye. Hajui baadaye ni lini. Hakuna mama aliyemaliza maombi hayo bado.

Mama sijamwambia. Kila Ijumaa anafua yale mashuka.

Dadi


Newcastle
9 Julai 1997

Kaka Dadi, shikamoo.

Nimekusoma. Sitasema kitu juu ya tangazo. Na mimi nilikuuliza kwa namna ya kukusukuma ukutani, na nilijua ninachofanya.

Mwambie Mama. Usimpunguzie na usimpange habari kama ya gazeti. Mwambie maneno ya Dada kama yalivyo, kwa matamshi yaleyale, atayaelewa kuliko sisi.

Jana nilichukua kadi tupu nikaandika: Zaina Asumani, Mbembe. Nyuma, kwa penseli, nikajibu maswali yangu mawili. Halafu sikujua niiweke sanduku gani. Nimeiweka kwenye Kurani.

Usiku siwezi, kwa hiyo naandika asubuhi: namtaka dada yangu. Alinisuka nywele siku aliyoondoka na akanibana sana upande wa kushoto, nikamlaumu, na hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Swali la kurudi nimelikwepa mara zote kwa sababu nikiandika tarehe nitaanza kuhesabu. Ni Septemba mwakani. Mwambie Mama na hilo.

Hidaya


Kasingirima
12 Agosti 1997

Mdogo wangu Hidaya,

Asalaam aleikum. Mama anakwenda kambini. Amesema mwenyewe, wiki iliyopita, mbele yangu na Nassib, na hajabadili.

Sote hatujambo. Mtoto wa Nassib ameanza kucheka. Jumuiya ya kibarazani inakusalimu.

Nilimwambia siku barua yako ilipofika, tarehe 30. Nilisema maneno ya Ziada kama alivyoyatamka. Mama alinitaka nirudie pale pa "iko sawa", nikarudia. Akauliza mtoto ana urefu gani, nikaonyesha kwa mkono kwenye mlango. Aliuweka mkono wake palepale na kukaa nao muda. Kisha akauliza nani alisoma lile tangazo. Nikamwambia sauti haikuwa yangu, ila maneno yalikuwa yangu. Akasema, "Uliandika vizuri, Dadi. Ulijifunza kwa baba yako," na akaenda kuswali. Hajalitaja tena, na sijui alimaanisha nini. Nimekuandikia ili nawe ujue ninachokijua.

Mimi nilipendekeza tungoje sheria. Nassib alipendekeza gari na watu wawili na kuwatoa kwa nyuma, akaambiwa anyamaze. Mama ndiye aliyesema kwamba hatutamtoa mtu. "Yeye amekaa na wanawe," alisema. "Kama mimi ndiye mwenye hamu, mimi ndiye nitembee."

Siku ya wageni ipo, mara moja kwa mwezi, kwa wanaokwenda kuwaona marafiki. Wageni wenye undugu hupelekwa kwanza chumba cha mahojiano, na huko undugu huandikwa na kufuatiliwa. Marafiki hawaulizwi mengi. Fomu nilikwenda kuichukua mjini wiki iliyopita. Ina mistari tisa. Jana tuliijaza, yeye akisema na mimi nikiandika, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi ndogo.

Jina la mgeni: Mwavita binti Salumu. Anayetembelewa: Zaina Asumani, Mbembe. Mstari wa sita unauliza uhusiano. Kalamu yangu ilisimama hapo. Mimi nimeandika habari miaka kumi na tisa, na makosa yangu yaliyosahihishwa gazetini ni matatu, yote ya tarakimu.

Mama akasema, "Andika hakuna."

Nikamwambia anaweza kusema jirani wa zamani, ni karibu zaidi na kweli.

"Jirani wataniuliza wa wapi. Andika hakuna. Mungu anajua kusoma."

Nimeandika hakuna. Aliweka dole gumba chini yake, na leo Rozalia ameipokea ofisini mjini. Alisoma mistari yote tisa, pamoja na jina la mgeni, Mwavita, ambalo analo pia kwenye daftari lake kwa mwandiko wake mwenyewe. Alinitazama mara moja. Kisha akagonga muhuri.

Mimi siruhusiwi kwenda, nimeshaonekana kambini. Mke wa Nassib ndiye atakayempeleka Mama. Watakaa na Ziada saa moja na nusu, hadharani, kwenye mabenchi ya shule. Mama anafanya mazoezi ya kumwita Zaina. Nimemsikia uani akijisemea: Zaina, hujambo Zaina. Mara mbili amekosea na kuanza upya.

Gari linaondoka Jumanne, tarehe 19 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi. Geti la wageni linafunguliwa saa nne.

Kaka yako,
Dadi